Maziwa ya Saa Moja na Ushee

Baba yangu anaiamini simu yake kuliko anavyoniamini mimi. Mtabiri wa hali ya hewa redioni hamwamini, daktari anamwamini nusu, na mimi bintiye wa kwanza, mwenye duka la mafuta ya alizeti pale mjini Singida, ananiamini kwa zamu, kutegemea nimeamkaje na yeye ameamkaje. Lakini simu ikisema, imesema. Anaishika mbali na macho, mkono umenyooka, anasoma kwa sauti neno moja moja, kisha anaizima na kuitia mfukoni mwa shati kama mtu aliyemaliza kesi.

Kwa hiyo siku simu ilipomwambia kwamba kutoka uwanja wa ndege wa Dodoma mpaka uwanja wa ndege wa Mtwara ni mwendo wa saa moja na ushee, jambo hilo kwake lilikwisha. Na kwa kuwa lilikwisha, akatega maziwa.

Hapo inabidi nieleze.

Baba ana dada mmoja tu, mkubwa wake, ambaye ndiye shangazi yangu. Aliolewa na mwalimu, mwalimu akahamishiwa Mtwara, wakajenga huko, wakazaa huko, mume akazikwa huko, na shangazi akabaki. Kati ya nyumba yetu ya Mwankoko, Singida, na nyumba yake kuna karibu nchi nzima. Zamani walikuwa wakionana kwenye misiba. Kisha hata misiba ikawashinda, huyu magoti, yule presha, zikabaki simu za Jumapili mchana ambazo nusu yazo ni kusalimiana na nusu nyingine ni "Haloo, unanisikia?"

Mwaka ule shangazi aliugua homa ya mapafu. Akalazwa, akatibiwa, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Hospitali walisema ugonjwa umekwisha. Chakula ndicho kilichokataa kurudi. Binti yake, binamu yangu anayeishi naye, alinipigia simu dukani huku akilia.

"Uji anautema, supu anaitema, wali hataki hata kuuona. Anasema kila kitu kina ladha ya karatasi. Dada, mama anakwisha huku namwangalia."

Nikamuuliza kama hakuna chochote anachokitamani. Akapenga kamasi.

"Kimoja. Anasema angepata maziwa ya kwao, ya kibuyu, labda yangepita."

Binamu alikuwa amejaribu. Alikwenda kumnunulia mtindi wa pakiti, mzuri tu, shangazi akaonja kijiko kimoja na kusema hayo yametengenezwa na watu ambao hawajawahi kupigwa teke na ng'ombe. Kisha akageukia ukutani. Niliposikia hivyo nilicheka, halafu nikaona aibu kucheka, halafu nikafunga duka mapema nikaenda Mwankoko kumpa baba habari.

Nilidhani atalia, na nilikuwa nimejiandaa. Hakulia. Aliuliza, "Mtwara ni mbali kiasi gani?"

"Kwa basi ni siku mbili, baba. Mgongo wako hautafika."

"Sijauliza habari za mgongo. Nauliza maziwa yatafika?"

Mtu ambaye hakukulia kwenye ng'ombe anadhani maziwa ya mgando ni maziwa yaliyosahauliwa mahali. Kwetu ni kazi. Baba hufukiza kibuyu kwa kijinga cha moto mpaka ndani kunukie moshi, anabakiza chini maziwa kidogo ya zamani, anamimina mapya juu yake, anaziba kwa gunzi la hindi. Kuanzia hapo maziwa yako safarini. Yanatoka kwenye utamu yanaelekea kwenye uchachu, na katikati kuna mahali, si pakubwa, ambapo ni mazito, ni baridi, na yana ukali mdogo tu wa kuamsha ulimi. Ukiyanywa kabla, ni maziwa ya kawaida. Ukiyanywa baada, yanakukunja uso. Baba hayaonji kujua yamefika wapi. Anakitikisa kibuyu sikioni na kukisikiliza. Mama humwambia kwamba angekuwa anamsikiliza yeye hivyo, ndoa yao ingekuwa ya kutolewa mfano kanisani.

Na katika habari ya kumpelekea dada yake maziwa, baba hana mpinzani, au ndivyo alivyotulea tuamini. Shangazi alikuwa msichana wa kwanza wa ukoo kupelekwa shule ya bweni. Kila Jumamosi bibi yetu alimtuma baba, akiwa mvulana bado, kutoka kwao upande wa Sepuka, kwa miguu, kumpelekea kibuyu. Hadithi hiyo tumeisikia mpaka tunaweza kuisimulia usingizini: jinsi alivyotoka alfajiri, jinsi njia ilivyokuwa na fisi, ambao kila mwaka waliongezeka idadi, na jinsi maziwa yalivyofika.

"Matamu," husema hapo, akijipiga paja. "Hata siku moja hayakuchacha mkononi mwangu. Kwa sababu niliijua njia, na maziwa niliyajua."

Sasa njia ya kwenda Mtwara hakuijua. Ndipo alipoiuliza simu. Siku zile hapakuwa na ndege ya kutufaa kutoka Singida kwenyewe, kwa hiyo ilikuwa lazima twende Dodoma kwa basi asubuhi, tukapandie huko. Kipande cha basi alikijua vizuri. Kipande cha angani simu ilimchorea mstari mmoja mweusi, ulionyooka kutoka Dodoma mpaka Mtwara, na chini yake ikaandika umbali na muda. Saa moja na ushee. Baba alitazama ule mstari kwa mapenzi kabisa.

"Chai Dodoma," akasema, "chakula cha mchana kwa dada."

"Baba, tiketi nimezikata mimi. Ndege inapitia Dar es Salaam."

"Ipitie. Basi la Dodoma si linapitia Manyoni?"

"Siyo kupitia kwa namna hiyo. Tutashuka, tutakaa, tutasubiri ndege nyingine."

"Hiyo ndiyo shida yenu watu wa mjini. Mnapenda kushukashuka."

Nilijaribu tena siku ya pili na ya tatu. Nikamwonyesha tiketi, akaniambia macho yake yanasoma simu tu. Mwishowe nikaacha, maana nina kichwa kigumu lakini najua nilikokirithi. Akampigia dada yake mwenyewe, akapaza sauti hadi majirani wakajua: asile kitu kizito, maziwa yatafika mchana, yakiwa pale pale panapotakiwa. Binamu aliniambia baadaye kwamba shangazi aliposikia hivyo aliomba kukalishwa kitandani, akaketi akiegemea mto. Hakuwa ameketi kwa siku kadhaa. Habari hiyo ilinitia woga. Mgonjwa akikataa chakula unaweza kumbembeleza, lakini akingoja kitu kwa moyo wote halafu kikaja kimeharibika, sikujua tungemwambia nini.

Jioni kabla ya safari baba alikamua ng'ombe mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa saba, ule upepo wetu wa Singida unaopenya mpaka kwenye mifupa, na alihesabu hata upepo huo katika mahesabu yake: baridi ingeyachelewesha maziwa usiku, basi la asubuhi lingeyaamsha, ndege ingeyamalizia. Mama akakivisha kibuyu khanga na kukifunga fundo. Na baba akatukumbusha, kana kwamba kuna aliyesahau, kwamba maziwa ya mgonjwa hayafunguliwi njiani. Anayeyafungua ni aliyepelekewa, au aliyeyabeba akiwa mbele yake. Ndivyo ilivyo nyumbani kwetu tangu nimepata akili.

Desturi hiyo ilikutana na mashine ya ukaguzi pale Dodoma.

Baba alikuwa amevaa koti la kijivu, lile la harusi yangu. Kibuyu kilipita kwenye mashine, kikarudishwa, kikapita tena. Dada wa ukaguzi alikuwa mpole.

"Mzee, shikamoo. Humu ndani mna nini?"

"Marahaba. Maziwa."

"Naomba ufungue niangalie."

"Hayafunguliwi, mwanangu. Ni ya mgonjwa."

Nyuma yetu foleni ilikuwa inaongezeka. Nikaeleza haraka haraka, nikijichanganya: shangazi, Mtwara, homa ya mapafu, karatasi. Dada akamwita mkubwa wake, mwanamume wa makamo mwenye kitambi, na mimi nikaanza kusali kimoyomoyo. Yule mkubwa aliinama, akalinusa lile gunzi, akafumba macho kidogo.

"Mnatoka wapi?"

"Singida. Mwankoko," nikasema.

Akanusa mara ya pili, na mara hiyo ya pili nadhani haikuwa ya kazi. "Haya. Kaa nacho mapajani, mzee. Kisimwagike."

Ndani ya ndege baba alikaa dirishani, kibuyu mapajani, mikono miwili juu yake. Hakuogopa. Aliangalia chini akitafuta ng'ombe, na alipowakosa akasema nchi hiyo haina watu. Kila baada ya muda alikiinua kibuyu sikioni, akatikisa kwa adabu, akaitikia kwa kichwa. Nilimtazama ubavuni, shingo yake iliyokonda ndani ya kola, nikampenda mpaka nikashikwa na hasira, kwa sababu nilijua kinachokuja.

Ndege ikatua. Watu wakasimama, wakateremsha mizigo.

"Tumefika," baba akasema. Aliangalia saa yake na uso ukamng'aa. "Hata saa moja na ushee haijatimia!"

"Tumefika Dar, baba."

"Wanashusha abiria. Kaa."

"Na sisi ndio abiria."

Alibaki amekaa mpaka ndege ilipobaki na sisi wawili na mhudumu aliyekuwa akitabasamu mlangoni. Tuliposhuka, joto la Dar lilitupokea kwa ukali, lile joto lenye unyevu linalokuvaa juu ya nguo zako. Baba hakulihisi mwilini. Aliweka kiganja juu ya kibuyu na nikaona macho yake yanabadilika.

Tulikaa kwenye viti vya kusubiria. Akatoa simu, akanyoosha mkono, akautafuta ule mstari wake na kunionyesha. "Angalia mwenyewe. Haupiti hapa."

"Huo wameupiga kwa rula, baba. Wamepima toka hapa mpaka pale, basi. Hawajasema kuna ndege inayopita juu yake."

Aliutazama muda mrefu. "Sasa kwa nini waandike muda?"

Nikasema nilichokuwa nimekibana tangu Singida: "Nilikuambia."

"Uliniambia," akasema baba, bila ubishi wowote. "Sasa niambie la kufanya."

Afadhali angenigombeza. Niliondoka nikaenda msalani, nikatoa khanga yangu ya pili kwenye begi, nikailowesha maji ya bomba na kuirudisha ikichuruzika. Tukakizungushia kibuyu kama wachungaji wanavyofanya jua linapokuwa kali. Ilipokauka nikailowesha tena. Abiria walituangalia, mmoja akahamisha begi lake. Baba aliweka sikio kwenye kibuyu mara moja tu, kisha hakurudia.

"Yanasemaje?" nikauliza.

"Yanasema sana."

Wakati wa chakula cha mchana, ule aliomwahidi dada yake, ulipita tukiwa pale pale. Binamu alinitumia ujumbe kwamba mama bado ameketi na hataki kulazwa. Sikumsomea baba.

Ndege ya Mtwara ilipopaa, gunzi lilianza kulia. Mlio mwembamba, wa pumzi inayotafuta mahali pa kutokea. Baba alilibana kwa kidole gumba. Tulipofika juu zaidi likafyatuka, likagonga kiti cha mbele, na maziwa yakaruka: kwenye koti la harusi, kwenye gauni langu, kwenye dirisha. Harufu ya uchachu na moshi ikajaa ndege nzima. Mhudumu akaja na karatasi za kufutia, akatufuta sote wawili kama watoto, akasema pole mzee, pole mama. Baba alikuwa ameweka kiganja juu ya mdomo wa kibuyu na kukikandamiza, na hivyo ndivyo alivyokaa njia yote, maziwa yakimchuruzika kidogo kidogo kwenye mkono wa koti. Nikamwambia anipe nimpokee. Akatikisa kichwa.

"Hajawahi kuomba kitu," akasema, akiangalia mbele. "Tangu tukiwa wadogo. Hii ndiyo mara ya kwanza."

Jua lilikuwa limeshateremka tulipofika nyumbani kwa shangazi. Binamu alitufungulia mlango, akaniangalia gauni, akamwangalia baba na koti lake, akaelewa. Alitupeleka chumbani.

Shangazi alikuwa ameketi kitandani akiegemea mto, amejifunga kilemba safi. Alikuwa amebaki macho na mifupa. Baba alisimama mlangoni, kibuyu kifuani, kiganja bado kwenye mdomo wake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada."

Kwa miaka mingi sikuwa nimemsikia baba akimpa mtu shikamoo. Wakubwa zake wote kule kwetu wamekwisha; yeye ndiye anayeamkiwa, kanisani, sokoni, kwenye vikao. Sauti aliyoitoa sikuijua. Ilikuwa ya mtu mdogo.

"Marahaba," shangazi akasema. "Nilijua utachelewa."

Wakasemezana Kinyaturu kidogo, mambo ya nyumbani, nani yuko, nani hayuko. Baba alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda. Hakukitoa kibuyu. Mwishowe akarudi kwenye Kiswahili, nadhani ili na sisi tusikie na asirudie tena.

"Dada, nilikuletea maziwa. Lakini njia imeyaharibu. Nusu yamemwagika, yaliyobaki yamechacha. Usiyanywe. Nitatafuta mengine."

"Utayatafuta wapi?"

Baba akainamia kibuyu.

"Mimina," shangazi akasema.

Binamu alileta kikombe. Baba alimimina, na hata mimi niliyesimama dirishani nilisikia uchachu ukinigusa mataya. Yalitoka mabonge mabonge, maji yake pembeni. Baba alitazama ukuta. Shangazi alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakipeleka mdomoni, akanywa funda moja kubwa.

Uso wote ulimkunjamana. Macho akayafumba, mabega yakaanza kutikisika, na binamu akamrukia akidhani amepaliwa. Hakuwa amepaliwa. Alikuwa anacheka.

"Vilevile!" akasema alipopata pumzi. "Mungu wangu, vilevile kabisa!"

"Vilevile na nini, shangazi?" nikauliza.

"Na ya shule! Huyu," akamnyooshea baba kidole chembamba, "kila Jumamosi natoka kumngoja getini tangu asubuhi. Anasimama mtoni kuogelea. Anawinda ndege kwa manati. Ananifikia jua linazama, maziwa yamechacha mpaka wenzangu bwenini wanaziba pua. Hajawahi kunifikishia maziwa matamu hata siku moja. Hata moja!"

Nikamgeukia baba. Baba akaangalia viatu vyake.

"Njia ilikuwa na fisi," akasema polepole.

"Fisi mchana?"

Nilicheka hadi nikakaa chini, na binamu akacheka huku analia, na baba naye, kwa shida, kuanzia tumboni. Shangazi hakutungoja. Alirudisha kikombe mdomoni, akanywa hadi nikaona koo lake likifanya kazi, funda baada ya funda, akikunja uso kila mara. Alikimaliza. Hakutema kitu. Akajifuta mdomo kwa nyuma ya mkono na kumuuliza binamu kama jikoni kuna ugali, hata wa jana.

Binamu alitoka mbio. Baba alikuwa amekishikilia kibuyu, machozi yanamtiririka waziwazi sasa, wala hakujishughulisha kuyafuta. Shangazi akamnyooshea kikombe kitupu.

"Taratibu, dada," akasema baba. "Yamebaki kidogo."

"Basi Jumamosi ulete mengine."

"Ndiyo, dada," akasema baba, na akamimina.